Kuuza, Kuuzisha na Lupango: Maelezo Kuhusu Uuzaji wa Nyumba ya Shamba Kandokando ya Lubumbashi

Msemaji wa Kiswahili atokaye Tanga au Mombasa, akifika Lubumbashi na kutangaza mbele ya watu kwamba anataka kuuza nyumba, hataulizwa nyumba yake iko wapi. Ataulizwa ana fedha kiasi gani. Watu watamtafutia nyumba, watampeleka kuitazama, na watashangaa pale atakapoanza kusifu nyumba ambayo wao hawajaiona. Hakuna aliyesema uongo, wala hakuna aliyekosea sarufi ya lugha yake. Kitenzi ni kimoja, ila kila upande unakishika kwa ncha yake.

Makala haya yanakusudia kueleza jambo hilo kwa kufuata mfano mmoja tu, nao ni uuzaji wa nyumba ya zamani ya shamba, iliyojengwa kwa mawe na matofali kisha ikatengenezwa upya, katika eneo la mashamba linaloizunguka Lubumbashi, mkoani Haut-Katanga. Tumechagua nyumba ya shamba badala ya nyumba ya mjini kwa sababu huko ndiko maneno ya Kiswahili, sheria iliyoandikwa kwa Kifaransa na desturi ya wenyeji hukutana bila mpatanishi. Wala suala hili si la wanaisimu peke yao. Malori ya shaba huenda na kurudi kati ya Katanga na bandari ya Dar es Salaam kupitia Kasumbalesa na Tunduma, na pamoja nayo husafiri watu, mitaji na maneno. Tena tangu mwaka 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Anayedhani kwamba Kiswahili chake cha pwani kinamtosha kupata nyumba huko anastahili kuonywa mapema.

Kitenzi na ncha zake mbili

Katika Kiswahili cha Lubumbashi, kuuza ni kutoa fedha ili kupata kitu, yaani kile ambacho Kiswahili sanifu hukiita kununua. Anayetoa kitu ili apate fedha, huyo anauzisha. Kwa hiyo "mi nataka kuuza nyumba" ni kauli ya mnunuzi, na "niko na nyumba ya kuuzisha" ni kauli ya mwenye mali. Tofauti hiyo haiishii katika kitenzi cha msingi, bali inakwenda na vinyambuo vyake vyote. Mtoto anayemwambia mama yake "uniuzie mukate" anaomba anunuliwe mkate. Hamwombi mama afungue duka. Mpwani naye akisikia neno kuuzisha huelewa kwamba kuna mtu anayemfanya mwingine auze, na pengine ataanza kumtafuta dalali aliyejificha nyuma ya mwenye nyumba.

Ajabu ni kwamba kosa hili laweza kukaa siku nyingi bila kugunduliwa. Sababu iko katika kauli ya kutendwa. Tukisema "nyumba imeuzwa", mpwani anafikiria aliyetoa nyumba na mtu wa Lubumbashi anafikiria aliyetoa fedha, lakini wote wawili wanakubaliana kwamba nyumba imebadilisha mikono. Ndiyo maana wasafiri wanaopita Lubumbashi kwa wiki mbili hurudi makwao wakisema kwamba Kiswahili cha huko ni kilekile, isipokuwa watu husema "mu nyumba" badala ya "nyumbani". Tofauti inayoonekana ndiyo wanayoikumbuka. Ile inayogharimu fedha hawakuiona.

Msomi wa pwani huwa mwepesi wa kusema kwamba watu wa Katanga wamelipotosha neno. Ushahidi wa lugha za Kibantu hauungi mkono hukumu hiyo. Kwa Kiganda kugula ni kununua; kwa Kinyarwanda kugura ni kununua; kwa Kikuyu na Chinyanja pia mzizi huohuo una maana ya kununua. Kiswahili kwa upande wake kina mtindo wa zamani wa kuunda kauli ya kufanyisha kwa sauti z, kama tuonavyo katika lala na laza, jaa na jaza, pungua na punguza. Kitenzi -uza cha pwani ni cha kundi hilo, na asili yake ni "kumfanya mtu anunue". Kiganda nacho kina kuguza chenye maana iliyo karibu na hiyo. Kitenzi cha msingi kilitoweka pwani, nafasi yake ikachukuliwa na kununua, na kile cha kufanyisha kikabaki peke yake kama yatima asiyejua wazazi wake. Msemaji wa leo hawezi tena kuhisi kwamba ndani ya neno uza mna kauli ya kufanyisha.

Sasa tuwatazame watu walioijenga Lubumbashi. Kiswahili kilikwisha kufika Katanga katika karne ya 19 kwa njia ya misafara ya biashara, na Msiri mwenyewe, aliyeuawa Bunkeya mwaka 1891, alikuwa na asili ya Unyamwezi. Hata hivyo lugha ya mji ilipata umbo lake katika kambi za wafanyakazi. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilichukua wafanyakazi wengi kutoka Rhodesia ya Kaskazini, na katika miaka ya 1920 ikaanza kuajiri pia kutoka Ruanda-Urundi, mbali na wale wa Kasai na wa Katanga yenyewe. Msemaji wa Kibemba alikuja na jozi ya kushita, yaani kununua, na kushitisha, yaani kuuza. Msemaji wa Kinyarwanda alikuja na kugura na kugurisha. Katika vichwa vyao kununua ni tendo la msingi, na kuuza ni kununulisha. Walipolikuta neno uza, waliliweka mahali pa msingi na kuliongezea -isha kama sarufi ya kwao ilivyowafundisha. Kwa maneno mengine, waliujenga upya ukuta uleule ambao pwani ulikuwa umeanguka, bila kujua kwamba uliwahi kusimama. Hatusemi kwamba jambo hili limethibitishwa hatua kwa hatua; tunasema kwamba lingekuwa jambo la kushangaza kama mambo yangekuwa vingine.

Watafiti hawakuchelewa kuziona sifa za lahaja hii. Edgar Polomé, aliyefundisha katika chuo kikuu cha Elisabethville kabla ya uhuru, aliandika juu yake katika miaka ya 1960, na Johannes Fabian akaichunguza kwa upande wa historia na utamaduni. Mwaka 2014 Aurélia Ferrari, Marcel Kalunga na Georges Mulumbwa walitoa kitabu chenye sarufi, matini na msamiati wake. Hata hivyo kamusi zinazotumika katika shule za Afrika Mashariki zaendelea kulieleza neno uza kana kwamba lina upande mmoja.

Nyumba ya mawe isiyo ya mawe

Tuseme basi kwamba kitenzi kimeeleweka, na mnunuzi amesomewa tangazo la namna hii: nyumba ya zamani ya mawe, imetengenezwa, ina barza, boyerie na kisima, iko ku ferme, njia ya Kasenga, inauzishwa. Tangazo hili tumelitunga kwa ajili ya maelezo, lakini kila neno lake ni la kawaida.

Pwani, nyumba ya mawe ina maana maalumu. Ni nyumba ya mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa, kama zile za Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na za Lamu, iliyoingizwa mwaka uliofuata. Kuwa na nyumba ya namna hiyo kulikuwa dalili ya uungwana. Lubumbashi iko mbali na bahari, kwenye uwanda wa juu wenye kimo cha mita 1,200 na zaidi, na matumbawe hayako. Katika nyumba nyingi za zamani huko, jiwe ni la msingi, la ngazi na la sakafu ya nje. Ukuta wenyewe ni wa matofali ya kuchoma.

Na tofali hilo lina nasaba ambayo matumbawe hayawezi kuidharau. Anayesafiri nje ya Lubumbashi huona katika miombo na mashamba vichuguu vikubwa mno, vingine vyenye kimo cha mita 5 au zaidi na upana wa nyumba nzima, kama vitatu hadi vitano katika kila hekta. Ni kazi ya mchwa wa aina iitwayo na wanasayansi Macrotermes falciger. Udongo wake ni mzuri kwa matofali, na wafyatuaji huchimba kichuguu, hufyatua na kupanga tanuri papo hapo. Vipimo vya kaboni vilivyotangazwa mwaka 2015 vilionyesha kwamba baadhi ya vichuguu vya eneo hilo vilianza kujengwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Basi yule anayelalamika kwamba ameuziwa matofali badala ya mawe huenda amepata udongo uliopangwa na wadudu kabla mji wowote wa mawe wa pwani haujajengwa. Kuni za kuchomea hutoka katika miombo ileile inayokatwa kwa ajili ya makala. Huko makala ni makaa ya kupikia, jambo ambalo mwandishi hulikumbuka kila anapoandika neno hilo kwa maana ya chuo kikuu.

Juu ya neno "imetengenezwa" yafaa tukae kidogo. Neno ukarabati, lililoenea kwa vyombo vya habari vya Tanzania na Kenya, si neno la kila siku la Lubumbashi. Watu husema kutengeneza, na kutengeneza kwaweza kuwa kubadilisha paa zima au kupaka rangi mlango. Mvua za huko, kiasi cha milimita 1,200 kwa mwaka, hunyesha karibu zote kati ya Novemba na Machi. Nyumba iliyokaa misimu kadhaa bila paa zima hunywa maji kutoka juu, na pale ambapo matofali yaliunganishwa kwa udongo tu, maungio huoshwa na ukuta hulegea bila kuanguka. Mchwa, ambao ni jirani wa kudumu, hula boriti. Fundi mwaminifu huvua paa, hubadilisha mbao, huondoa matofali yaliyooza na kuyarudishia. Fundi wa haraka hupiga lipu. Lipu ikishakauka, tofali la kuchoma na tofali bichi la kukausha juani haliwezi kutofautishwa kwa macho. Njia ya kujua ni kukwangua sehemu ndogo karibu na ardhi, upande ambao mvua hupiga, na mwenye nyumba asiyekubali ukuta wake ukwanguliwe kiasi cha kiganja amekwisha kujibu swali.

Barza ni neno tamu kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Wabelgiji wa Kongo walilichukua neno letu baraza, wakaling'oa irabu, wakaliingiza katika Kifaransa chao kwa maana ya ukumbi wa mbele wenye paa. Msomaji wa pwani atakayetafuta barazani mahali pa kukaa na wageni hatakosea sana, ila atakuta kwamba barza ya nyumba ya mkulima wa Kizungu ilikusudiwa kumkinga mwenye nyumba na jua, si kumkaribisha mpita njia.

Boyerie ni neno la Kifaransa cha koloni, nalo ni banda la nyuma ambamo watumishi walilala. Watangazaji wa leo huliorodhesha kama sifa ya nyumba, sawa na kisima. Wale waliolala humo wana maelezo yao. Mwaka 1965 chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani kilitoa maandishi ya mashine yaitwayo kwa Kifaransa Vocabulaire de ville de Elisabethville, yaliyokusanywa na André Yav na kuandikwa kwa Kiswahili cha mji huo. Fabian aliyachapisha upya pamoja na tafsiri na ufafanuzi mwaka 1990. Jina lake ni la msamiati lakini yaliyomo ni historia ya mji kama ilivyoonekana kutoka jikoni na uani. Kwa maoni yetu, anayetaka kuelewa nyumba za Katanga afadhali aanze na maandishi hayo kabla ya albamu za picha za wakoloni.

Jinsi mashamba yalivyopata wenyewe

Mji ulianzishwa mwaka 1910, mwaka uleule ambao reli kutoka Rhodesia ilifika. Ardhi ya Katanga wakati huo ilisimamiwa na Comité Spécial du Katanga, chombo kilichoundwa mwaka 1900, nacho ndicho kilichogawa mashamba kwa walowezi. Serikali ya Ubelgiji, ikihofia kwamba Katanga ingemezwa na Waingereza wa kusini, ilitaka kuleta wakulima wa Kibelgiji. Edmond Leplae, mkuu wa kilimo katika wizara ya makoloni, alisimamia mpango huo. Mpango haukufaulu. Walowezi wengi hawakudumu shambani, wakahamia mjini au wakarudi kwao, na walaji wa Elisabethville wakaendelea kulishwa kwa kiasi kikubwa na chakula kutoka Rhodesia na kutoka kwa wakulima Waafrika. Mashamba ya Wazungu yaliyokuja kushamiri baadaye yaliegemea soko la migodi.

Yaliyofuata ni mlolongo wa hati. Tarehe 7 Juni 1966 amri iitwayo sheria ya Bakajika iliirudishia dola mamlaka juu ya ardhi iliyokuwa imegawiwa na makampuni ya kikoloni. Tarehe 20 Julai 1973 ikatolewa sheria ya ardhi namba 73-021. Miezi minne baadaye, tarehe 30 Novemba 1973, Rais Mobutu akatangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatakabidhiwa kwa wananchi. Wengi waliokabidhiwa hawakuwa wakulima, na mwaka 1976 ikabidi baadhi ya mali zirudishwe kwa wenyewe wa zamani. Kwa hiyo nyumba moja ya shamba yaweza kuwa na karatasi ya mlowezi, karatasi ya aliyekabidhiwa, karatasi ya mlowezi aliyerudi, na karatasi ya aliyeuziwa na mojawapo wa hao. Kila karatasi ina muhuri.

Ni nini hasa kinachouzishwa?

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Mtu wa Lubumbashi anapozungumzia mali ya namna hii mara nyingi hasemi nyumba wala ardhi, husema lupango. Neno hili liko pia katika lugha za jirani, zikiwamo Kibemba na Kiluba, na maana yake ya asili ni uzio au boma. Kwa matumizi ya leo ni eneo lililozungushiwa mpaka pamoja na vyote vilivyomo, yaani kile ambacho Kifaransa cha huko hukiita parcelle. Kiwanja cha Kiswahili sanifu hakilingani nalo, kwa kuwa kiwanja chaweza kuwa kitupu na wazi. Lupango ni mpaka kwanza, na vitu vilivyo ndani yake baadaye.

Sheria ya 1973 inalipa neno hilo haki bila kulijua. Kifungu chake cha 53 chasema kwamba ardhi ni mali ya dola pekee, isiyoweza kuhamishwa wala kupotea kwa kupita kwa muda. Raia hupewa haki ya daima ya kuitumia, na asiye raia hupewa haki ya muda usiozidi miaka 25, unaoweza kuongezwa. Jengo ndilo liwezalo kuwa mali ya mtu, lakini umiliki wake hautambuliwi kisheria mpaka haki ya ardhi iliyo chini yake iandikishwe, na uthibitisho wake ni hati iitwayo certificat d'enregistrement. Kwa hiyo "ninauzisha nyumba na ardhi yake" ni kauli ambayo hakuna mtu binafsi nchini Kongo awezaye kuitimiza kikamilifu. Anachoweza kukihamisha ni jengo na haki ya kukaa ndani ya mpaka. Lupango, basi, ni neno sahihi kuliko ardhi.

Wasomaji wa Mombasa hawatashangaa. Huko iko desturi ya miaka mingi ya nyumba bila ardhi, ambayo mwenye nyumba humlipa kodi mwenye kiwanja na kuiuza nyumba yake bila kugusa kilicho chini yake. Tanzania nayo, ambako ardhi ni mali ya umma chini ya Rais, kwa miaka mingi kabla ya sheria ya 1999 bei iliyokubalika kisheria ilikuwa ya maendelezo tu na si ya udongo. Kilicho tofauti Kongo ni kwamba makubaliano hufanywa kwa Kiswahili na mkataba huandikwa kwa Kifaransa. Maneno mapana ya barzani huingia katika karatasi yakiwa membamba, na mnunuzi hutia sahihi akiwa bado anasikia yale ya barzani.

Hati ya uandikishaji ina nguvu kubwa. Baada ya miaka miwili tangu kutolewa, haiwezi kupingwa; aliyedhulumiwa hubaki na dai la fidia. Hii ni kinga kwa mnunuzi mwaminifu, na ni kaburi kwa mwenye haki aliyechelewa kusikia. Tumeona jinsi hati nyingi zinavyoweza kuzaliwa juu ya nyumba moja, kwa hiyo si vigumu kukisia mbio zinazofuata.

Katika eneo la mashamba huongezeka mamlaka ya tatu. Ardhi nyingi zilizoizunguka Lubumbashi ni za jadi ya Walamba, na machifu kama Kaponda, katika wilaya ya Kipushi, wanatambuliwa na serikali. Mnunuzi hupelekwa kwa chifu, hutoa zawadi na fedha, hupewa karatasi. Karatasi hiyo si bure, kwa sababu bila ridhaa ya chifu hakuna amani na majirani. Lakini haihamishi haki ya kisheria. Sheria ya 1973 iliziweka ardhi zinazokaliwa na jamii za wenyeji chini ya dola na kuahidi kwamba haki za wenyeji zitafafanuliwa kwa amri ya Rais. Amri hiyo haikutolewa kwa miongo mingi. Wakati huohuo sheria hiyohiyo yataka ufanyike uchunguzi kabla haki yoyote ya ardhi ya vijijini kutolewa, ili wenye madai wasikilizwe. Pale uchunguzi unapofanywa ofisini, bila mtu kufika kijijini, wanakijiji huja kujua kwamba shamba lao lina hati siku wanapoona uzio.

Halafu kuna kilicho chini ya udongo. Katika Katanga mtu hawezi kulisahau hilo. Kwa sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, madini ni ya dola na kibali chake ni haki tofauti kabisa na haki ya ardhi ya juu. Nyumba nzuri, paa jipya, hati safi, yote yaweza kuwa ndani ya mraba ambao kampuni imekwisha kuuombea kibali. Mwenye nyumba anastahili fidia. Lakini fidia si nyumba.

Aliye na haki ya kuuzisha

Tumeacha suala la familia mwisho, ingawa kwa watu wengi ndilo la kwanza. Kanuni ya familia ya Kongo, ya mwaka 1987, yataka ridhaa ya mume na mke katika kuhamisha nyumba, hata kama mali zao zimetenganishwa. Mnunuzi aliyezungumza na mume tu, hata kama ni kwa siku tatu mfululizo, hajazungumza na muuzaji. Mwenye hati akifa, warithi huwa wengi, na mmoja wao, mara nyingi yule aliyebaki shambani akiitunza nyumba, huanza kuiona kuwa ni yake. Ndiye atakayeitengeneza na kuiuzisha. Wengine, walioko Kolwezi au Kinshasa, husikia baadaye. Hutokea katika miji ya Kongo kwamba ukutani huandikwa kwa Kifaransa, kwa herufi kubwa, kuwa parcelle hii si ya kuuzwa. Ni nduguye maandishi ya "Nyumba hii haiuzwi" ambayo msomaji wa Tanzania ameyaona mara nyingi. Maandishi hayo hayamzuii mwizi mgeni. Yameandikwa kumzuia ndugu.

Mtu wa kati, ambaye Lubumbashi huitwa commissionnaire, hataja mambo haya kwa hiari yake, maana ujira wake hutokana na bei. Yafaa mnunuzi ayaulize mwenyewe, na ayaulize kwa maneno yasiyogeuka. Kwa bahati nzuri kitenzi kununua hueleweka Lubumbashi kwa njia ya shule, kanisa na redio, ingawa husikika kama lugha ya vitabu. Mgeni wa pwani akitumie hicho, aliache kabisa neno kuuza hadi karatasi ziwe mezani, na anapomwambia mwenyeji habari ya bei aseme waziwazi ni nani atakayetoa fedha na ni nani atakayezipokea. Kisha aulize lupango inaanzia wapi na kuishia wapi, aombe kuutembea mpaka wote kwa miguu pamoja na mwenyeji na angalau jirani mmoja, na atazame ni nani anayetoka nyumbani kuja kuwaangalia wakipita.